Kusimba faili za logi si dawa, nywila isiandikwe humo kabisa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila inapotangazwa kwamba kampuni fulani imekuta nywila za wateja wake zimekaa wazi ndani ya faili za logi, lawama huwa ileile: kwa nini hawakuzisimba faili zao, yaani kuzigeuza zisisomeke na asiye na ufunguo? Hata ndani ya kampuni zenyewe mkutano huitishwa, fungu hutengwa la kununua programu ya kusimba diski, na watu hurudi kazini wakiamini tatizo limekwisha. Sisi ambao kazi yetu ni kutunza seva na kuzisoma logi hizo tunasema hivi: nywila haikutakiwa kuwamo ndani ya faili ile, iwe faili imesimbwa au haikusimbwa.

Logi ni daftari la programu, halina tofauti kubwa na lile la mlinzi wa getini: nani kaja, saa ngapi, karuhusiwa au karudishwa. Programu ikikwama usiku, fundi hulifungua asubuhi aone mstari wa mwisho unasema nini. Maana yake ni daftari la kusomwa, na wasomaji wake ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Mtunza seva hulisoma, na watengeneza programu na wahudumu wa wateja nao husoma. Wakati mwingine linasomwa na kampuni ya nje iliyokodiwa kukusanya hitilafu. Tena halikai mahali pamoja. Hutumwa kwenye seva kuu ya logi, huko likapangwa ili litafutike kwa sekunde, likakatwa kila siku au kila wiki na kubanwa kuwa faili za .gz, kisha likaingia kwenye nakala rudufu.

Sasa tazama kusimba diski kunasaidia nini hapo. Kunamzuia mwizi aliyeondoka na diski mkononi. Seva ikiwa imewashwa, diski imeshafunguliwa, na kila mwenye ruhusa ya kusoma faili anapata maandishi wazi kama kawaida. Mtu wa ndani mwenye tamaa anayaona, na mdukuzi aliyeiba akaunti ya mtu wa ndani anayaona pia. Hatusemi diski zisisimbwe. Zisimbwe, na logi zinaposafirishwa kutoka seva moja kwenda nyingine zipite njia iliyosimbwa, kwa sababu syslog ya zamani (utaratibu wa kusafirishia logi) kwenye mlango wa mtandao wa 514 wa UDP hupeleka kila kitu wazi, ilhali ile ya TLS, yaani yenye mawasiliano yaliyosimbwa, ina mlango wake, 6514. Lakini hayo ni mambo ya kulinda daftari. Nywila ni suala jingine.

Hata heshi haiokoi. Tarehe 3 Mei 2018, siku ambayo kwa kejeli ya kalenda ilikuwa Siku ya Nywila Duniani, Twitter iliwataka watumiaji wake wote, takriban milioni 330, wafikirie kubadilisha nywila zao. Kampuni ile ilikuwa ikitumia bcrypt, njia nzuri ya kuikoroga nywila kwa hesabu isiyorudi nyuma ili hifadhidata ibaki na heshi tu. Hitilafu yao ilikuwa ya mpangilio: nywila iliandikwa kwenye logi ya ndani kabla ukorogaji haujakamilika. Siku mbili tu kabla ya hapo GitHub, tovuti ya kutunzia misimbo ya programu, ilikuwa imewaarifu watumiaji wake wachache kuhusu kosa la jamii hiyohiyo, lililotokea pale watu walipokuwa wakiweka nywila upya. Machi 2019 Facebook nayo ikakiri kuwa nywila za mamia ya mamilioni ya watu zilikuwa zimehifadhiwa zikisomeka ndani ya mifumo yake. Septemba 2024 tume ya kulinda data ya Ireland ikaitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, faini ya euro milioni 91 kwa jambo hilo, na miongoni mwa makosa iliyohesabiwa ni kuchelewa kutoa taarifa na kutoliwekea tukio kumbukumbu inavyotakiwa. Hizi si kampuni zinazokosa wataalamu wa usimbaji. Kwa hiyo tuulize nywila inapita mlango gani hadi ikafika kwenye logi.

Mlango mkubwa ni swichi ya kutafutia hitilafu iliyosahauliwa. Mtengeneza programu anataka kujua kwa nini fomu ya kuingia inagoma, anaagiza programu iandike kila kinachopokelewa, anapata jibu, anasahau kuizima, na toleo linakwenda kwa watumiaji. Hicho ndicho kilichoikuta Apple kwenye OS X 10.7.3 mwaka 2012: waliokuwa wakitumia FileVault ya mtindo wa zamani walikuta nywila zao zinaandikwa wazi kwenye logi ya mfumo. Tazama hapo, FileVault ni programu ya kusimba! Ubuntu nayo imewahi kuteleza mara mbili kwenye programu ya kusakinisha mfumo. Kwenye toleo la 5.10, kosa lililogunduliwa mwaka 2006, nywila ya mtumiaji wa kwanza ilibaki katika faili ambayo kila mtu kwenye mashine angeweza kuisoma. Mwaka 2020, kwenye kisakinishi cha seva, nywila ya kufungulia diski iliyosimbwa ikaonekana ndani ya logi za usakinishaji.

Mlango wa pili hauna kelele, ndiyo maana hupita kwenye ukaguzi. Fundi haandiki nywila. Anaandika tu "mtumiaji huyu ameshindwa kuingia" na kumtaja mtumiaji kama kitu kizima. Lugha nyingi za programu, zikiambiwa ziandike kitu kizima, hutapika sehemu zake zote. Katika Python, dataclass hufanya hivyo bila kuulizwa, na record za Java hali kadhalika. Dawa ipo na ni fupi: kwenye Python sehemu ya nywila itangazwe kwa field(repr=False), au itumike aina maalumu kama SecretStr ya Pydantic ambayo ikiandikwa hutoa nyota kumi tu. Hapa ulinzi umewekwa kwenye kitu chenyewe, si kwenye kumbukumbu ya fundi aliyechoka saa kumi na moja jioni.

Mlango wa tatu ni anwani ya ukurasa. Fomu ikitumwa kwa GET badala ya POST, nywila hukaa mwishoni mwa anwani baada ya alama ya kuuliza. TLS huilinda njiani, sawa, lakini ikifika hufunguliwa, na seva ya wavuti kama nginx, kwa mpangilio wake wa kawaida, huandika ombi zima kwenye access.log pamoja na kilicho baada ya alama ile. Inabaki pia kwenye historia ya kivinjari. Tokeni (alama za siri za muda) za kuweka nywila upya zinazotumwa kwa barua pepe kama kiungo hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo ziishe muda haraka na zitumike mara moja tu.

Kuna mlango wa hifadhidata. Ukibadilisha nywila ya akaunti ya PostgreSQL kwa kuandika amri ya ALTER ROLE na nywila ndani yake, kisha ukakosea koma moja, mfumo kwa kawaida yake huandika amri nzima kwenye logi pamoja na kosa. Tumia amri ya \password ndani ya psql, programu ya kuongea na hifadhidata hiyo, ambayo huikoroga nywila upande wako kabla ya kuituma. Nywila zinazopitishwa kwenye mstari wa amri zina hatari ya aina hiyo: sudo huandika amri nzima na viambatisho vyake, historia ya shell huitunza, na amri ya ps huionyesha kwa kila aliyeingia kwenye mashine.

Halafu kuna mlango ambao hakuna programu iliyokosea. Mtu ana haraka, macho yako kwenye vidole, anaandika nywila kwenye kisanduku cha jina. Seva ya SSH, programu ya kuingilia mashine kwa mbali, inaandika kwa uaminifu wake:

Invalid user Mlima_kijani82 from 192.0.2.14 port 50122
Accepted password for mhasibu from 192.0.2.14 port 50130

Mistari miwili, anwani moja, sekunde chache katikati. Anayesoma logi hahitaji kudukua chochote, ameshapewa jina na nywila. Waliotengeneza programu za kuingilia kwenye Linux waliliona hili zamani, ndiyo maana katika faili ya login.defs kuna mpangilio uitwao LOG_UNKFAIL_ENAB, ambao kwa kawaida huwa "no" ili jina lisilojulikana lisiandikwe. Wenye kutengeneza fomu zao wenyewe waige hapo: jina lisilokuwepo kwenye hifadhidata lisiandikwe, iandikwe tu kwamba jina halijulikani, na anwani lilikotoka. Na wewe msomaji wa kawaida, ukishaandika nywila kwenye kisanduku cha jina na kubonyeza kitufe, hesabu kwamba imesomwa. Ibadilishe siku hiyohiyo.

Wengi watasema wameweka kichujio. Vichujio ni vizuri, na mifumo mingine huja navyo. Rails, kiunzi cha kutengenezea tovuti, kwa mfano, hufuta thamani ya sehemu yoyote ambayo jina lake lina herufi passw na kuweka [FILTERED] mahali pake. Lakini kichujio cha namna hiyo kinatambua jina tu, hakiijui nywila. Na majina yanayotambuliwa ni ya Kiingereza! Mtengeneza programu wetu akiipa sehemu yake jina la "nywila", "nenosiri" au "namba_ya_siri", kichujio kitaipitisha kama kinavyopitisha jina la mtaa. Anayeandika msimbo kwa Kiswahili, jambo tunalolipenda, aongeze maneno hayo kwenye orodha siku ya kwanza. Bora zaidi ageuze utaratibu: badala ya kutaja yasiyoruhusiwa kuandikwa, ataje yanayoruhusiwa, na mengine yote yaachwe nje.

Kuna pia vichujio vinavyotafuta thamani yenyewe, vile vya mitambo ya kujengea programu, ambavyo huweka nyota kila vinapoiona siri viliyopewa. Hivi navyo huona umbo moja. Chukua neno "siri". Kwa Base64, njia ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida, likiwa peke yake ni c2lyaQ==. Lakini kwenye kichwa cha Authorization, sehemu ya ombi la wavuti inayobeba utambulisho, nywila huungwa na jina kwa nukta mbili kwanza. Tuseme jina ni a: a:siri inatoka YTpzaXJp. Tafuta c2ly humo, hutaiona. Base64 hukata maandishi baiti tatu tatu, kwa hiyo neno lilelile hupata sura tatu tofauti kulingana na mahali linapoanzia. Na kwa kuwa Base64 si usimbaji, yeyote hulirudisha kwa amri moja. Machi 2025 wadukuzi walitumia pengo hilo. Waliingilia kifaa kidogo kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na hazina za msimbo zaidi ya 23,000, wakakifanya kichote siri kwenye kumbukumbu ya mashine na kuziandika kwenye logi ya ujenzi zikiwa zimepitishwa Base64 mara mbili. Kwa hazina zilizo wazi, logi hiyo ilisomwa na yeyote aliyetaka.

Tusidanganyane pia kwa kuandika heshi ya nywila kwenye logi "kwa ajili ya kulinganisha". Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu, na kompyuta ndogo huzikokotoa zote kwa SHA-256, njia mojawapo ya heshi, kabla hujapepesa jicho. Herufi tatu za mwanzo, au urefu wa nywila, nazo ni zawadi kwa anayebahatisha.

Namna ya kujua kama mfumo wako unavuja haihitaji mshauri wa bei mbaya. Fungua akaunti ya majaribio na uipe nywila ambayo haiwezi kutokea kwa bahati, yenye alama mbili tatu ngumu, mfano Kwp7&tN%4zRh2mXe9Lqa. Jisajili nayo, ingia, kosea makusudi, ibadilishe, omba kuiweka upya, iandike kwenye kisanduku cha jina. Kisha fanya lile ambalo wakaguzi wengi hulisahau: zima hifadhidata na ujaribu kuingia tena. Nywila nyingi huvujia kwenye njia ya makosa, pale programu inapopata mshtuko na kumwaga kila ilichoshika mkononi. Baada ya hapo tafuta:

grep -rF 'Kwp7&tN' /var/log
zgrep -F 'Kwp7&tN' /var/log/*.gz

Rudia kwenye seva kuu ya logi, na kwenye huduma ya nje ya kukusanya hitilafu kama unayo. Tafuta na sura zake nyingine: kwenye anwani & huwa %26 na % huwa %25, na baadhi ya waandishi wa JSON huigeuza & kuwa \u0026, ndiyo sababu tuliziweka alama hizo ndani ya nywila ya mtego. Kwa Base64, fungua kwanza kila kipande kirefu kisha utafute ndani. Jaribio hili liwe la mashine, lifanyike kila toleo, na likikuta hata mstari mmoja toleo lisitoke.

Ukiikuta? Hapa ndipo watu huharibu kwa haraka. Usianze kufuta. Zima kwanza chanzo, kwa kushusha kiwango cha logi kutoka DEBUG (kile cha kutafutia hitilafu) au kwa kuweka msimbo uliorekebishwa, la sivyo unafagia mvua inanyesha. Kisha andika pembeni ni akaunti zipi zimeguswa, kuanzia tarehe gani, faili zilikwenda wapi na nani alikuwa na ruhusa ya kuzisoma, maana ukishafuta hutaweza kujibu lolote kati ya hayo. Batilisha nywila zilizoguswa, na pamoja nazo vipindi vya watu ambao tayari wameingia na tokeni zilizo hai. Kubadilisha nywila huku kipindi cha zamani kikiendelea ni kubadilisha kitasa wakati mgeni yumo ndani. Waambie wenye akaunti, na uwaambie pia waibadilishe nywila hiyo popote pengine walipoitumia. Kwa anayefuata sheria ya Umoja wa Ulaya, mamlaka ya kulinda data hujulishwa ndani ya saa 72 tangu kugundua, isipokuwa pale ambapo tukio halielekei kuwaletea watu hatari.

Ndipo ufute, na kufuta kuna mitego yake. Ukiondoa kwa rm faili ambayo programu bado imeifungua, jina ndilo linalopotea. Data hubaki kwenye diski na programu huendelea kuandika humo hadi itakapoifunga. Ukitumia sed -i kuondoa mistari mibaya, sed hutengeneza faili mpya yenye jina lile, huku programu ikiendelea kuandika kwenye ile ya zamani usiyoiona. Ifanye programu iifungue logi upya, kama logrotate, programu ya kukata logi, inavyofanya, kisha ushughulikie faili iliyokatwa, halafu zile za .gz, halafu seva kuu. Kuifutia faili moja juu kwa juu kwa shred kwenye diski za SSD si jambo la kutegemea, kwa kuwa diski yenyewe huandika mahali pengine. Faida ya kusimba diski inaonekana hapa, siku ya kuitupa. Nakala rudufu ndizo hukaa muda mrefu kuliko vyote. Wenye kupokea kadi za malipo hutakiwa na kanuni za PCI DSS kutunza logi miezi 12, hivyo kosa la wiki moja kwao lina maisha ya mwaka.

Na logi husafiri kwa mikono ya watu pia. Mteja akilalamika, mhudumu humwomba atume faili ya kumbukumbu za kivinjari, ile inayoishia na .har, na ndani yake kuna vidakuzi na tokeni za kipindi kilicho wazi. Oktoba 2023 mdukuzi aliyeingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa Okta, kampuni inayosimamia uingiaji wa watu kwenye mifumo, alikuta faili za aina hiyo. Zilizoguswa zilikuwa za wateja 134, na vipindi vya wateja 5 vikatekwa. Ukiombwa faili hiyo, toka kwanza kwenye akaunti baada ya kuirekodi ili kipindi kife, ifungue kwa programu ya maandishi, futa mistari ya Cookie na Authorization, ndipo uitume.

Ombi letu kwako, Mhariri, na kwa waandishi wako: tangazo la namna hii likifika mezani, msiishie kwenye "data haikuwa imesimbwa". Waulizeni wahusika nywila ziliandikwa kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, ni watu wangapi walikuwa na ruhusa ya kusoma logi hizo, kama zilitumwa nje ya kampuni, na nakala rudufu ya mwisho yenye nywila hizo itafutwa lini.

Wasomaji wako,
Watunza seva